Picha Ambayo Pudensiana Hakuiona

Kila alfajiri, kabla jua halijachungulia juu ya vilima, Pudensiana alikuwa ameshachafuka. Mitumbwi ilirudi kutoka ziwani na taa zake zimezimwa, na wanawake wa kijiji cha Ikola wakajitosa majini hadi magotini kupokea dagaa. Kazi ya Pudensiana ilikuwa kuchambua: kutoa majani ya ziwani, vijisamaki vilivyopondeka, na ute. Ute ndio aliouchukia kuliko vyote. Ulinata vidoleni kama kamasi, ukikauka ukawa magamba, na hata akijisugua kwa limau na majivu, harufu ilimfuata shuleni ikaketi naye dawati moja.

"Mbona unakunja uso kama umefungua choo?" mama yake, Dafrosa, alizoea kumwuliza. "Hao unaowanunia ndio waliokushonea sare."

Pudensiana alijua ni kweli. Lakini kinyaa hakijui shukrani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na alikuwa ameapa moyoni kwamba siku moja atafanya kazi isiyonuka.

Kazi hiyo aliiona kwa mara ya kwanza katika simu ya Mwalimu Révérien. Mwalimu huyu, mzaliwa wa makazi ya wakimbizi ya Mishamo, alifundisha sayansi kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani yake. Siku moja aliwaita wanafunzi wakaizunguka simu yake iliyopasuka kioo pembeni, akawaonyesha picha ya dunia iliyojaa mikanda ya bluu na kahawia, ikijongea taratibu kama moshi ndani ya chupa. Akawaambia kwamba ile bluu ni mvuke wa maji uliopanda kutoka baharini na sasa unasafiri angani, na kwamba aliyeupima ni setilaiti, iliyo juu kupita ndege yoyote.

Watoto walitaka kujua setilaiti inapimaje bila ndoo. Mwalimu akawatoa nje, akawaambia wasogeze viganja karibu na jiwe lililoshinda juani, wasiliguse. Wote wakasikia joto.

"Jiwe limewasemesha bila kufungua mdomo," alisema. "Mvuke nao hutoa mionzi hafifu ambayo macho yetu hayaioni. Setilaiti ina chombo cha kuipokea. Mionzi ikibadilika, wataalamu wanajua mvuke ni mwingi au ni haba."

Akaeleza kwamba baharini upimaji huwa mzuri zaidi, kwa kuwa bahari ni sakafu moja iliyotandazwa, haina mabati, haina misitu, haina mawe yaliyochomwa na jua. Nchi kavu kila kitu hutoa mionzi yake, na ile ya mvuke hupotea katikati kama sauti ya mtoto mnadani. Kisha ukichukua wingi wa mvuke, ukachukua na kasi ya upepo unaousukuma, unapata maji kiasi gani yanahama bahari kuja nchi kavu. Kwa watu wa Katavi maji hayo yana milango miwili. Mengine hutoka Bahari ya Hindi, mashariki. Mengine hutoka mbali, Bahari ya Atlantiki, yakapita juu ya misitu ya Kongo na kuvuka ziwa.

Pudensiana alisikiliza mdomo wazi. Mito mizima juu ya kichwa chake, mito isiyo na kingo wala ute! Maji yasiyonuka shombo! Tangu siku hiyo aliganda kwa mwalimu kama kupe.

Sasa, msimu wa mvua ni msimu wa mashaka kwa waanika dagaa. Siku ya jua la kuaminika, dagaa hutandazwa juu ya vichanja na mchangani, na kabla jioni haijafika wamekauka, wanang'aa kama sindano. Siku ya wasiwasi hutiwa chumvi na kupelekwa banda la moshi, ambako wanawake hukohoa, macho yanawatoka machozi, kuni zinateketea, na dagaa wenyewe wanatoka weusi, hawana bei. Basi neno la kweli kuhusu mvua lilikuwa na thamani pale ufukweni kuliko chumvi yenyewe.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa karibu na ziwa. Mwalimu akamruhusu Pudensiana apite kila alfajiri aitazame picha, kisha apeleke habari kwa mama zake. Alimpa na onyo. Alimwambia aseme alichokiona tu, na kwamba picha huonyesha maji yanakopita, haiwezi kuapa yatashuka juu ya kichanja cha nani. Kwa hiyo wanawake waendelee kutazama ng'ambo, kwenye milima ya Kongo, kama walivyozoea.

Sehemu ya kwanza ya onyo Pudensiana aliipenda. Ya pili aliimeza njiani, maana ilimpunguzia utamu. Alifika ufukweni akatoa neno moja lililonyooka, anikeni au msianike, na asubuhi nyingi likatimia. Wanawake wakaanza kumwita Setilaiti. Mama mdogo wake, Hilaria, mwanamke wa vicheko na ulimi mkali, akawa anampisha njia akisema, "Jamani sogeeni, Setilaiti anatua." Pudensiana akatua kweli, kidevu juu, na siku hizo hata ute haukumchukiza sana.

Kisha ikaja alfajiri ambayo mwalimu hakuwepo. Jioni iliyotangulia alikuwa ameitwa kwenye semina Mpanda mjini, akaondoka na gari la mwisho. Pudensiana alipofika alikuta mlango una kufuli. Aligonga. Akazunguka dirishani, akaita. Kimya. Upande wa pili wa ua alisimama Obadia, mtoto wa nesi wa zahanati, mswaki mdomoni. Walisoma darasa moja.

"Umegonga hodi mpaka kufuli linataka kuitikia," Obadia alisema. "Mwalimu kasafiri. Leo Setilaiti hana betri."

Pudensiana akamsonya, akaondoka. Njiani alikuwa na jibu tayari: nitawaambia sijaona. Ni neno dogo, halina hata uzito wa dagaa mmoja. Lakini alipofika ufukweni akakuta mabeseni yamepangwa hadi mawe ya mwisho. Giza la mwezi, ambapo taa za mitumbwi huvuta dagaa wengi zaidi, lilikuwa limewapa wavuvi neema, dagaa walifurika. Wanawake wote waligeuka kumtazama. Hilaria akapangusa jiwe kwa khanga ili mtoto wa dada yake aketi. Lile neno dogo akaliacha.

"Bahari zote mbili kavu," alisema. "Anikeni."

Dafrosa hakuinama mara moja. Alitazama ng'ambo. Milima ya Kongo haikuonekana; palikuwa na utusitusi mzito, rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Akamwuliza binti yake kama ana hakika.

"Nimeiona picha, mama."

Mama akaamini. Ufuko wote ukageuka fedha, dagaa juu ya vichanja, dagaa juu ya mchanga, hata juu ya maturubai ambayo yangepaswa kuwa tayari kufunikia.

Mvua ilikuja mchana kutoka ng'ambo ya ziwa, imesimama kama ukuta. Pudensiana alikuwa darasani. Aliisikia kwenye bati. Aliomba ruhusa, hakungoja ajibiwe, akakimbia. Aliwakuta wanawake wanakokota maturubai, wanakomba dagaa na mchanga kwa pamoja, wanateleza, wanaanguka. Dagaa waliokuwa nusu kavu walikuwa wamekunywa maji wakavimba. Hilaria alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anazoa kwa mikono miwili, na kilichojaa mikononi hakikuwa samaki tena. Kilikuwa uji.

Kesho yake jua halikutoka. Wala keshokutwa. Banda la moshi lilikuwa dogo, likaokoa sehemu tu. Waliobaki walirundikwa chini ya turubai nyuma ya nyumba, na hapo kikaanza kile ambacho Pudensiana alikikumbuka baadaye kila alipotaka kudanganya. Kwanza ilikuja harufu, tamu kidogo, kama tunda lililoiva mno. Kisha utamu ukafa, ikabaki harufu iliyoingia puani ikakaa ulimini, hata maji ya kunywa yakawa na ladha yake. Matumbo ya dagaa yalipasuka, yakatoa majimaji mekundu. Nzi wa kijani wakaja, wakubwa, wavivu, hawafukuziki. Mwishowe lundo likaanza kutikisika lenyewe, na ulipofunua turubai uliona weupe unaochemka: funza juu ya funza.

Wanawake hawakumlaumu Pudensiana. Hilo ndilo lililomla zaidi. Waliilaumu setilaiti. Walisema ni dude la kuwahadaa watu maskini, na kwamba mwalimu ni mwongo, atakaporudi wamtolee uvivu. Pudensiana alisikia yote, akainamisha kichwa, akanyamaza. Shuleni Obadia alitunga wimbo, watoto wakaupokea kwa makofi wakati wa mapumziko:

*Setilaiti ya Pude, imetuletea funza,*
*Anga kavu alisema, na dagaa wameoza.*

Waliimba kwa utani. Obadia hakuwa amemwambia mtu habari ya kufuli. Ila kila alipofika mstari wa pili alimtazama Pudensiana machoni.

Siku ya tatu Hilaria alileta wazo. Masunga, mfanyabiashara wa Mpanda, angefika kesho na lori lake. Wawasuuze wale waliooza kwa maji ya chumvi, wawapitishe motoni kidogo, wawatie chini ndani ya magunia, na juu waweke wazuri. Masunga hatajua. Akijua, atakuwa ameshafika Mpanda, na huko kila mwenye sufuria atadhani ni bahati yake mbaya.

"Watu watakula hivyo?" Dafrosa aliuliza.

"Dada, watu wanakula mangapi? Pilipili inafunika."

Dafrosa hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Alikuwa amekopa nguvu za watu kwa mzigo ule: wavuvi wanangoja chao, na nyumbani unga umekwisha. Akageuza uso kwa ziwa. Hilaria akachukua kimya kile kuwa ruhusa, akamkabidhi Pudensiana beseni, akamwambia aondoe wenye funza wanaoonekana.

Pudensiana alizamisha mikono. Funza walipanda vidoleni, wakapita katikati ya kucha, baridi. Aliokota mmoja, akaokota wa pili, akaona kazi ni ya bure, maana kila dagaa aliyemfungua alikuwa na wengine ndani. Alikimbia nyuma ya banda akatapika mpaka tumbo likabaki na maumivu matupu. Alipojifuta mdomo, harufu ya mikono yake mwenyewe ikamtapisha tena.

Na hapo, akiwa ameinama, alijiona. Mama mdogo alikuwa anataka kuweka uozo chini na uzuri juu, watu wanunue kwa kuona juu. Yeye je? Alikuwa amechukua jina zuri la mwalimu, akaliweka juu, na chini yake akatia uongo. Waliununua wote, mama yake wa kwanza. Alizoea kudhani kinyaa ni kitu cha samaki. Siku ile alikikuta kifuani mwake, na limau halifiki huko.

Kesho yake lori la Masunga likaingia likiwa na matope hadi madirishani. Masunga alikuwa Msukuma mrefu, wazazi wake walihamia Katavi na ng'ombe zao, naye akaacha ng'ombe akashika biashara. Mwalimu Révérien aliteremka upande wa abiria, begi begani. Wanawake wakanong'onezana, lakini biashara ilitangulia.

Kila mnunuzi wa dagaa anayejua kazi yake hufungua gunia, akazamisha mkono mpaka kwapani, akatoa wa chini na kuwanusa. Masunga alifanya hivyo kwa magunia machache ya wengine, waliokuwa wameokoa wale wa moshi tu. Alipofika kwa yale ya Dafrosa alipiga kofi gunia la kwanza kama anayemsalimia rafiki, akamwambia kijana wake atundike kwenye mzani.

"Kwa mama Pude sitii mkono," alisema. "Miaka yote hajawahi kuniaibisha."

Dafrosa alisogea, akampisha kijana. Hilaria alijishughulisha na fundo la khanga. Pudensiana aliona gunia linainuliwa, akaona mtu asiyemjua mjini Mpanda, labda mtoto, anapakuliwa kwenye sahani kile kilichotambaa vidoleni mwake jana.

"Mjomba," alisema, "tia mkono."

Hilaria akamwambia anyamaze.

"Tia mkono hadi chini, mjomba. Juu ni wazuri. Chini wameoza."

Masunga akamtazama mtoto, kisha mama. Akafungua gunia polepole, akazamisha mkono. Ulipotoka, ulikuwa umepakaa ute mwekundu, na juu ya saa yake alitambaa funza mmoja mnene. Alimkung'uta.

Hilaria ndiye aliyeanza kusema, kwa aibu. Alisema si kosa lao, kosa ni la huyu mwalimu na setilaiti yake iliyowaambia bahari ni kavu, wakaanika, wakafilisika; na mtu aliyefilisika afanye nini? Wanawake wengine wakapaza sauti kumwunga mkono. Mwalimu Révérien alisimama na begi lake, haelewi analaumiwa kwa neno gani. Pudensiana aliona kwamba akingoja kidogo tu, mwalimu atajieleza, na yeye atakuwa ameumbuliwa badala ya kusema. Hakungoja.

"Setilaiti haikusema kitu," alisema. "Sikuiona picha. Mlango ulikuwa na kufuli. Niliona haya kusema sijaona, nikatunga."

Hapakuwa na aliyecheka. Obadia, aliyekuja kuangalia lori, alitazama chini. Dafrosa alimtazama binti yake kwa muda, na Pudensiana angependelea kofi kuliko macho yale.

Mwalimu hakumkaripia. Aliomba nafasi, akatoa simu, akaiwasha, akaisogeza ili wanawake na Masunga waone. Ilikuwa picha nyingine, ghafi, kabla haijaunganishwa na zilizopimwa saa nyingine. Bahari ilikuwa na rangi, lakini ilikatwakatwa na michirizi mipana myeusi. Hilaria akauliza ule weusi ni mvua gani.

"Si mvua," mwalimu alijibu. "Hapo setilaiti haikupita. Inazunguka dunia, inapima ukanda mmoja, inaacha mwingine mpaka zamu ijayo. Waliotengeneza hii wana mitambo ya thamani kuliko Ikola yote na mji wa Mpanda juu yake. Wangeweza kupaka bluu ya kubahatisha, nani angejua? Hawapaki. Wanaacha peusi, maana yake hapa hatujui. Kwa sababu hiyo tu naamini ile bluu nyingine."

Kisha akamgeukia Pudensiana, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba asubuhi ile alitakiwa kuacha peusi.

Masunga alinunua wale wa moshi peke yao, kidogo, kwa bei ya dagaa weusi. Alimwambia Dafrosa kwamba kuanzia sasa atatia mkono kwake pia, kama kwa wengine. Hakusema kwa hasira. Dafrosa akakubali kwa kichwa. Alijua neno lile lingemchukua misimu kulifuta.

Waliobaki walizikwa. Shimo lilichimbwa nyuma kabisa, kwenye shamba la mahindi, na Pudensiana ndiye aliyebeba beseni baada ya beseni bila kuambiwa. Hilaria alikuja baadaye na jembe, akafukia naye, pua ameifunga kwa khanga. Mara moja tu alisema, "Nasi tulitaka kuwalisha watu hiki," akatema mate pembeni. Hapakuwa na vicheko vyake.

Zilipita siku, giza la mwezi likarudi, na mabeseni yakajaa tena. Alfajiri hiyo Pudensiana alikwenda kwa mwalimu, akatazama ile picha ghafi, akarudi ufukweni. Hakuna aliyempisha njia. Hakuna aliyepangusa jiwe.

"Mashariki pakavu," alisema. "Magharibi sijaona. Picha ina weusi huko."

Mwanamke mmoja akaguna, akauliza sasa habari nusu wataifanyia nini. Dafrosa alitazama ng'ambo kwa muda mrefu, kisha akaamua: nusu waanikwe, nusu waende kwenye moshi, na maturubai yakae karibu. Wengine wakafuata. Mchana ule manyunyu yalipita, maturubai yakavutwa kwa wakati, na hakuna dagaa aliyeharibika.

Jioni, wakikusanya dagaa vichanjani, Dafrosa alimwita binti yake karibu. Alimwambia kwamba mali iliyopotea inatafutwa, lakini mtu anayeogopa kuonekana kwamba hajui, atawapotosha wenzake kila siku, na atawatia kinyaa mpaka wamkimbie kama ule mzigo. Akachukua dagaa mmoja mkavu, akamvunja katikati. Ndani alikuwa safi, hana hata doa.

"Uongo mdogo tu, Pude, uliona ulivyototoa," alisema. "Mwanangu, neno 'sijaona' halioti funza."

Akampa nusu, akatafuna nusu yake, wakaendelea na kazi.